Tupeane uzoefu: mlo wa jioni katika mgahawa wa Kifaransa wa kifahari uliokukatisha tamaa

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu kuhusu mlo wa jioni katika mgahawa wa Kifaransa wa hadhi ya juu ambao haukufikia ulichotarajia. Lawama za sahani kubwa yenye chakula kiduchu tumezisikia mno, na kwa maoni yangu hazina uzito, kwa kuwa mlo wenye sahani saba au nane ukipakuliwa kwa kushibisha kila mara, hakuna atakayefika kwenye kitindamlo. Ninachotaka kusikia ni pale jiko liliposhindwa kazi ambayo ndiyo linajivunia, na wenyeji walisema nini walipoelezwa.

Naanza mimi. Niliagiza confit, yaani paja la bata linalotiwa chumvi na kuachwa iingie, kisha likapikwa polepole ndani ya mafuta ya bata hadi nyama ilegee, na mwishowe likapitishwa kwenye moto mkali ili ngozi ikauke na kukwaruza jinoni. Lililoletwa lilikuwa na ngozi ya kijivu, laini na yenye majimaji, ambayo ilivutika na kunata kwenye uma nilipojaribu kuiondoa. Nyama ilikuwa ya moto kwa nje na baridi karibu na mfupa. Sina ugomvi na paja lililopikwa siku kadhaa kabla, maana mapishi haya asili yake ni njia ya kuhifadhi nyama, lakini kazi ya mwisho, ile ya kukausha ngozi, ilikuwa ya mpishi wa usiku ule, naye hakuifanya. Nilipomwonyesha mhudumu, alitabasamu akasema kwamba mpishi mkuu huipenda hivyo. Jibu hilo liliniudhi kuliko bata mwenyewe.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, yangu ni ya soufflé. Wanaoijua watakubali kwamba kitindamlo hicho husimama kwa sababu hewa iliyonaswa katika ute wa mayai uliopigwa hutanuka ndani ya oveni, na kikitoka nje kikaanza kupoa, hewa husinyaa na chote kikashuka baada ya dakika chache tu. Ndiyo maana migahawa makini hukuuliza mapema, wakati unaagiza chakula kikuu, iwapo utaitaka, kwa kuwa ni mlaji anayepaswa kuisubiri nayo haiwezi kumsubiri mtu. Sisi hatukuulizwa. Tuliagiza mwishoni, tukakaa hadi mishumaa ya meza za jirani ikazimwa, na kutoka nilipoketi niliviona vibakuli vyetu viwili vikiwa juu ya kaunta ya jikoni, vimefura vizuri na kupita ukingo, huku mhudumu akiwa ameinama anamsaidia mgeni mwingine kutafuta koti lake. Vilipofika mezani vilikuwa vimebonyea katikati. Utamu ulikuwepo, sikatai, ila tulikuwa tunakula keki yenye unyevu kwa bei ya ustadi ambao tulikuwa tumeuona kwa mbali.

Mchangiaji wa pili

Mimi nilipewa menyu isiyo na bei, na niliyemwalika akapewa yenye bei. Najua ni desturi ya zamani ya kumstahi mgeni, lakini mlipaji usiku ule nilikuwa mimi, na meza ilikuwa imewekwa kwa jina langu. Chakula sikikumbuki vizuri.

Mchangiaji wa tatu

Naomba niwatetee wapishi kidogo. Wengi wetu huingia mahali hapo tukiwa tumebeba sifa za nyota za Michelin, mwongozo wa Kifaransa unaopima migahawa, tukidhani kwamba nyota hupewa ukumbi mzima pamoja na viti vyake. Nyota hizo, zilizoanza kutolewa mwaka 1926, hutazama kilicho kwenye sahani: ubora wa vitu vilivyotumika, ustadi wa kupika, ulinganifu wa ladha, alama ya mpishi mwenyewe, na uwezo wa kurudia ubora uleule kila siku. Upole wa mhudumu na uzuri wa mapambo haviingii katika hesabu hiyo. Kwa hiyo mtu anaweza kuhudumiwa kwa kiburi mahali penye nyota na mwongozo usiwe umemdanganya.

Mleta mada

Nimekuelewa, ingawa kigezo chako cha mwisho ndicho kinachombana yule mpishi wa bata. Kama ubora ni wa kurudiwa kila siku, basi na mimi nilikuwa na haki ya ngozi kavu.

Mchangiaji wa nne

Yangu ni ya divai. Mhudumu alinimiminia kiasi kidogo, kama ilivyo kawaida, na shabaha ya kitendo hicho ni kukagua kama chupa imeharibika. Hakuulizi kama umeipenda. Nilinusa nikapata harufu ya kadibodi iliyolowa, ambayo ni dalili ya kasoro inayotokana na kizibo cha gome la mti, na ambayo humpata hata mtengenezaji hodari. Nikamweleza kwa adabu. Akanijibu, kwa sauti iliyosikika hadi meza ya tatu, kwamba divai za eneo lile zina tabia hiyo na huhitaji kuzoewa. Nikamwomba ainuse, akakataa. Ilibidi meneja aitwe, naye alipoleta pua kwenye glasi hakusema neno, aliichukua chupa akarudi na nyingine iliyokuwa safi kabisa. Bili ilipokuja chupa zote mbili zilikuwa zimeandikwa. Waliifuta ya kwanza nilipoigomea, lakini jibini nilizokuwa nimepanga kuagiza sikuziagiza tena.