Tupeane uzoefu: somo la kwanza la fedha za makampuni ngazi ya uzamili lilikutoa jasho wapi?

Karatasi ya Zamani (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Leo nilikuwa napanga makaratasi ya zamani nikakutana na jaribio langu la kwanza la fedha za makampuni. Limekunjwa mara nne, na pembeni kuna wino mwekundu wenye neno moja tu: "Lini?" Nimekaa nalo mkononi muda mrefu.

Swali ukilitazama ni jepesi. Mradi unalipa 100 kila mwaka milele, ila malipo ya kwanza yanakuja mwaka wa 5. Kiwango cha punguzo, kile cha kuirudisha fedha ya baadaye kwenye thamani ya leo, ni asilimia 10. Gharama ya leo 650. Ukubaliwe au ukataliwe? Nikagawa 100 kwa 0.10 nikapata 1,000, nikairudisha nyuma miaka 5, ikawa 621. Nikaandika bila wasiwasi wowote kwamba mradi ukataliwe, una hasara ya 29.

Kumbe ile kanuni ya malipo ya milele inakupa thamani ya mwaka mmoja KABLA ya malipo ya kwanza. Ile 1,000 imekaa mwaka wa 4. Ukiirudisha miaka 4 unapata 683, na mradi unakuachia 33 baada ya gharama. Mwaka mmoja tu umegeuza jibu zima.

Nilikuwa nimekaa kazini miaka minane bila kugusa kitabu, na siku ile niliamini kabisa kwamba nimepotea njia. Waliopita humo, tupeni yenu. Palikubana wapi, na ulitokaje?

Tulia Kwanza
Hiyo hiyo, mkuu. Mpaka leo nikiona neno "milele" nachora mstari wa muda kabla sijagusa kalkuleta.

Mhandisi Darasani
Umenikumbusha mbali. Mimi ni mhandisi, hesabu sikuziogopa, na hilo ndilo lililoniponza.

Tulipewa kazi ya kundi: kuthamini kampuni ya usafirishaji, wiki tatu, kisha kuiwasilisha mbele ya darasa zima. Tulikuwa watano, jedwali lote la Ekseli nikalibeba mimi. Siku nne za mwisho nililala saa tisa usiku. Nikapanga mapato, nikatoa gharama za uendeshaji, nikatoa uchakavu, nikatoa riba ya mkopo, nikatoa kodi, kisha nikaurudisha uchakavu kwa kuwa hakuna fedha inayotoka mfukoni kwa ajili yake. Halafu nikapunguza yote kwa wastani wa gharama ya mtaji, ile WACC. Wanahisa asilimia 60 kwa gharama ya 15, mkopo asilimia 40 kwa riba ya 10, kodi asilimia 30. Inatoka 11.8. Niliikagua mara tatu.

Siku ya kuwasilisha nimefika slaidi ya saba, mhadhiri akanyoosha mkono taratibu. "Riba ya mkopo umeitoa mara ngapi?" Nikamjibu mara moja, mstari wa 14. Akaniomba nirudi kwenye slaidi ya WACC. "Na hii 10 hapa ni nini?" Nikaitazama. Ni riba. Ile ile. Nimeitoa kwenye mtiririko wa fedha, halafu nimeitoza tena ndani ya kiwango cha punguzo. Nafuu ya kodi inayotokana na riba nayo nimeihesabu mara mbili kwa njia hiyo hiyo. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu arobaini nikitangaza kwamba hisa za kampuni hazina thamani, na kampuni ilikuwa nzima.

Hakunifokea. Alisema nikakae, nirekebishe, tuonane wiki inayofuata. Wenzangu wanne walikuwa wanaangalia meza. Kile kimya cha kutoka ubaoni mpaka kwenye kiti changu sijakisahau.

Mizania Haidanganyi
Pole sana. Ila hizo 60 kwa 40 ulizitoa wapi? Kama ni kwenye mizania, ile taarifa ya vitabuni ya mali, madeni na mtaji, hilo ni kosa jingine. Uzito wa WACC unatokana na thamani ya soko.

Mhandisi Darasani
Zilitoka kwenye mizania, kweli. Kampuni haikuwa na hisa sokoni, ningezipata wapi?

Nipo Kazini
Ofisini kwetu tunatumia za mizania miaka yote na mambo yanaenda. Darasani wanapenda kukuza vitu.

Mizania Haidanganyi
Mambo yanaenda kwa sababu hakuna anayehesabu miradi mizuri mliyoikataa na mibaya mliyoipokea. Mizania inakuambia wanahisa waliingiza kiasi gani zamani. Anayenunua hisa leo anadai faida kwenye bei ya leo. Kama kampuni haipo sokoni, tafuta zinazofanana nayo zilizopo sokoni, uchukue uwiano wao wa mkopo na hisa. Na ukiazima beta yao, kile kipimo cha hatari ya hisa ukilinganisha na soko zima, ondoa kwanza athari ya deni lao, ndipo urudishe la kwako.

Nipo Kazini
Sawa, ila usiandike kama unamfokea mtoto.

Mizania Haidanganyi
Samahani, mkuu. Jambo lenyewe linanigusa, nimelisahihisha mara nyingi mno.

Ngazi za Jioni
Nimesoma yote kimya kimya, nikaona niandike. Itakuwa ndefu, mnivumilie.

Nilikuwa nasoma jioni, mchana nipo kazini kwenye kamati ya miradi. Tulikuwa na mradi wa mfumo wa kompyuta uliokwishakula sehemu kubwa ya bajeti na haujawahi kufanya kazi hata siku moja. Kila kikao hoja ilikuwa ile ile: tumeshatumia nyingi, hatuwezi kuacha sasa. Ili kupata fedha za kuumalizia, kamati ilipitisha kutohuisha mikataba ya watu watatu. Nilinyoosha mkono kuunga mkono. Mmoja wa wale watatu ndiye dada aliyenifundisha kazi.

Wiki mbili baadaye mhadhiri akaandika ubaoni kwamba fedha iliyokwisha kutoka, ambayo hairudi kwa uamuzi wowote utakaoufanya leo, haiingii kwenye hesabu. Linganisha yanayokuja tu. Basi. Alitumia kama dakika tano akaenda mada nyingine. Mimi sikwenda naye. Nilichukua daftari nikaweka tarakimu za mradi wetu. Ukiita bajeti yote 100, 70 zimekwenda. Zimebaki 30 za kutumia, na faida yote tuliyoitarajia, kwa thamani ya sasa, nilipoihesabu kwa matumaini kabisa ilikuwa 18. Yaani kila siku tuliyoendelea tulikuwa tunachagua kupoteza 12 nyingine, na tumewatoa watu watatu kwa ajili hiyo.

Nilitoka darasani nikakaa kwenye ngazi. Nililia, sioni haya kusema. Usiku ule niliandika ukurasa mmoja na asubuhi nikaupeleka kwa mkuu wangu. Aliusoma akauliza swali moja: "Bodi tutaiambia nini kuhusu zile 70?"

Tulia Kwanza
Aisee. Ikawaje?

Pembeni ya Ubao
Tunasubiri, usituache hapo. Yule dada je?

Mizania Haidanganyi
Tafadhali malizia.

Karatasi ya Zamani
Na mimi nasubiri. Uzi umeshakuwa wako, endelea tu.

Ngazi za Jioni
Mradi ulisimamishwa baada ya miezi miwili. Wawili kati ya wale watatu walikuwa wamekwisha kupata kazi kwingine. Dada nilimfuata nyumbani, nikamweleza yote, na kwamba mkono wangu ulikuwa juu siku ile. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nimalize masomo. Hakurudi, ingawa aliitwa. Mtihani wa mwisho swali la kwanza lilikuwa la gharama zilizozama, ndizo hizo zilizokwisha kutoka na hazirudi, na mkono ulinitetemeka kuandika.

Pembeni ya Ubao
Mungu akubariki kwa kumfuata. Wengi tungekaa kimya.

Mdau wa Anga
Jambo hili limeangusha wakubwa. Uingereza na Ufaransa ziliendelea kuitia fedha Concorde wakati hesabu za biashara zilishakataa, na wanauchumi mpaka leo wanaliita kosa hilo kwa jina la ile ndege.

Mhandisi Darasani
Niongeze kitu kwa ajili ya wanaosoma sasa. Kwenye zile 70, kama kuna vifaa vinavyoweza kuuzwa, thamani yake ya kuuza leo HAIJAZAMA. Ukiendelea na mradi unaipoteza, kwa hiyo iingie kwenye hesabu kama gharama ya kuendelea. Wengi wakishajifunza gharama zilizozama wanafuta kila kitu cha nyuma.

Ngazi za Jioni
Kweli kabisa. Kompyuta ziliuzwa.

Mtaka Asilimia
Turudi kwenye mada. Mimi nasema somo lile linaionea IRR, ile asilimia ya punguzo inayoufanya mradi usiwe na faida wala hasara. Peleka ofisini kwamba mradi una NPV, yaani thamani ya leo inayobaki baada ya gharama, ya 33, hakuna atakayekuelewa. Watu wanataka asilimia.

Kalamu Nyekundu
Asilimia ipi? Chukua mradi huu: leo unatoa 100, mwaka wa kwanza unapokea 230, mwaka wa pili unatoa 132 za kusafisha eneo. Piga kwa asilimia 10, NPV ni sifuri. Piga kwa 20, sifuri tena. Sasa mpelekee bosi ipi? Migodi iko hivyo, mwisho wake kuna kufukia mashimo.

Mtaka Asilimia
Miradi mingi haigeuki namna hiyo. Na utafiti wa Graham na Harvey wa 2001 uliwahoji wakuu wa fedha 392, karibu robo tatu wakasema wanatumia IRR kila mara au karibu kila mara.

Kalamu Nyekundu
Na kwenye jedwali hilo hilo karibu robo tatu walisema NPV pia. Umesoma mstari mmoja.

Mtaka Asilimia
Sijasema NPV ifutwe! Nimesema IRR inaonewa.

Pembeni ya Ubao
Ninyi wawili mna hoja moja, mnagombana kwa mazoea.

Miaka Sita Benki
Kwangu ilikuwa nadharia ya wanauchumi Modigliani na Miller. Makala yao ya 1958 inasema kwamba kama hakuna kodi, hakuna gharama za kufilisika na soko halina vikwazo, thamani ya kampuni haibadiliki kwa kuchanganya mkopo na hisa namna hii au ile. Mimi nilikuwa nakopesha makampuni miaka sita! Niliona naambiwa kazi yangu ni bure. Nikagoma kuisoma, nikaipoteza sehemu nzima ya mtihani.

Niliifungua nilipoisoma kinyume. Kama mkopo hauna athari chini ya masharti yale, basi popote unapoona una athari, kuna sharti limevunjika; litafute. Kodi: wao wenyewe walirekebisha hesabu ya kodi mwaka 1963. Kufilisika. Taarifa anazozijua mkurugenzi, lakini mnunuzi wa hisa hazijui. Ukishashika hapo, nusu ya pili ya muhula ni kuvunja sharti moja baada ya jingine, na kila mhadhara unajua unakwenda wapi. Nililisoma tena, nikalipenda kuliko masomo yote.

Tulia Kwanza
Hii ya kusoma kinyume ningeipata wakati ule ningelala usingizi.

Nipo Kazini
Ushauri wangu kwa wanaoanza: achaneni na kuchora mistari, jifunzeni Ekseli mapema.

Karatasi ya Zamani
Chora mstari KWANZA. Ekseli yenyewe, fomula yake ya NPV inachukulia tarakimu ya kwanza ni ya mwisho wa mwaka wa kwanza. Ukiiwekea gharama ya leo ndani, inaipunguza nayo. Gharama ya leo iache nje, uijumlishe mwenyewe.

Kalamu Nyekundu
Kalkuleta ya fedha pia ikague. Yangu ilitoka dukani imewekwa malipo 12 kwa mwaka, nikafanya jaribio zima hivyo.

Pembeni ya Ubao
Kaa karibu na mhasibu, lakini siku ya mtiririko wa fedha mkimbie, maana atakuambia faida ndiyo fedha.

Mizania Haidanganyi
Hiyo nimeisikia, na ni kweli nilihitaji wiki mbili kuiacha.

Mtaka Asilimia
Kwenye thamani ya mwisho, ile ya miaka yote inayofuata baada ya makadirio yako, msicheze na ukuaji. Mtiririko wa mwaka ujao 100, punguzo asilimia 12: ukuaji wa 4 unakupa 1,250, ukuaji wa 8 unakupa 2,500. Umeikuza kampuni mara mbili kwa kubadilisha tarakimu moja.

Mgeni Usiku
Wakuu, samahani, nina mtihani kesho asubuhi. Malipo ya 60 kila mwaka milele, yanaanza mwaka wa 3, asilimia 12. Napata 355.9, majibu ya kitabu yanakataa.

Karatasi ya Zamani
Umechora mstari? Ile 500 imekaa mwaka gani?

Mgeni Usiku
Mwaka wa 2. Ngoja.

Nimepata 398.6.

Karatasi ya Zamani
Ndiyo yenyewe. Funga daftari, kalale.