Naomba ushauri: ubao wa mashuhuri waliofariki wakiwa vijana

Wakuu, habari za leo. Nafundisha sekondari hapa Kigoma. Klabu ya wanafunzi imepewa ubao pale maktaba, wakachagua mada wenyewe: watu mashuhuri waliofariki kabla ya miaka 40.

Mpaka sasa ni wasanii watupu! Kanumba (2012, miaka 28) kabandikwa katikati kabisa, Ngwair pembeni yake. Nikawaongezea Lumumba, aliyeuawa Januari 1961 akiwa na miaka 35, na Kiptum: Oktoba 2023 kavunja rekodi ya dunia ya marathoni kule Chicago, saa 2 na sekunde 35, halafu Februari ajali ya gari ikamchukua na miaka yake 24. Wa sayansi ninaye Rosalind Franklin (37), ambaye picha zake za eksirei zilisaidia kufumbua umbo la DNA.

Ninapokwama ni sababu za vifo. Mwalimu mwenzangu anataka tuandike kazi zao tu. Mimi naona ukimtaja Lumumba bila risasi umesimulia nusu. Ila kwa Kanumba, kila mwanafunzi ana toleo lake. Nyie mngeandikaje?

Pia nipeni wanawake wa Afrika, nje ya muziki. Brenda Fassie (39) tayari tunaye.