Mnazionea huruma au mnazionea tu? Malalamiko yangu kuhusu mnavyohukumu filamu za bajeti ndogo

Wakuu, leo mnivumilie. Hili limenikaa kooni muda mrefu na sasa nalitapika.

Kila ikitajwa filamu ndogo, isiyo na steringi anayejulikana, iliyotengenezwa kwa fedha za kuungaunga, wanajitokeza watu wa aina mbili. Wa kwanza katazama dakika kumi huku anachezea simu, kisha anashusha hukumu: "Takataka, picha mbaya, ekshen hakuna." Wa pili anakuja na moyo wake wa huruma: "Jamani tuwatie moyo, kwa bajeti ile wamejitahidi." Wote wawili mnaniudhi, na huyu wa pili ndiye anayeniudhi zaidi.

Wa kwanza angalau kasema kilichomkera. Huyu wa huruma anamchukulia mwongozaji kama mtoto wa chekechea aliyechora nyumba ikainama, basi tumpigie makofi aende akanawe mikono. Huyo ni mtu mzima aliyeomba saa moja na nusu ya maisha yangu. Kama kazi yake ni mbovu aambiwe ni mbovu na aonyeshwe ubovu uko wapi. Kama ni nzuri, isifiwe kwa uzuri wake, siyo kwa ufukara wa aliyeitengeneza.

Nianze na hilo neno lenu la "picha mbaya". Mbaya kivipi? Night of the Living Dead ya 1968 ilitengenezwa kwa dola kama 114,000, haina rangi, na damu mnayoiona mle ni sharubati ya chokoleti. Ingekuwa na rangi, ile sharubati ingeonekana ni sharubati. Kwenye nyeusi na nyeupe inatisha mpaka leo. Tangerine ya 2015 ilipigwa kwa simu, iPhone 5s zilizoongezewa lenzi, na rangi zake zimekolezwa mpaka jua linaonekana kama linachoma. Mwongozaji wake, Sean Baker, alichukua Oscar ya uongozaji mwaka 2025 kwa filamu nyingine. Kwa hiyo mkiniambia picha ina chengachenga, mimi nauliza: chengachenga hizo zinaifaa stori au zinaikwamisha? Hapo ndipo uhakiki unapoanza. Nyie hapo ndipo mnapofungia.

Halafu kuna kosa la fedha na kosa la uvivu, na mnayachanganya kila siku. Umati kuwa wa watu sita, gari la polisi kuwa lilelile moja, nyumba ya tajiri kuwa na sofa la kawaida: hayo ni makosa ya fedha, nayapita haraka. Ila hata hapo simsamehi mtu moja kwa moja, maana mwongozaji anayejua kazi anajua asichoweza kukinunua kabla hajaandika ukurasa wa kwanza. Kevin Smith alipotengeneza Clerks (1994, dola 27,575) alikuwa anafanya kazi dukani, duka mchana liko wazi kwa wateja, kwa hiyo kupiga picha ni usiku tu. Sasa utaonyeshaje mchana wakati nje ni giza? Akaandika kwenye stori kwamba mtu kaziba kufuli kwa bigijii na vizuizi vya madirisha havifunguki. Tatizo likaisha, na mtazamaji akapata kichekesho juu yake. Coherence ya 2013 ni watu wanane kwenye chakula cha usiku, umeme unakatika, basi. Ilipigwa kwa usiku tano nyumbani kwa mwongozaji mwenyewe, na waigizaji hawakupewa skripti kamili, kila mmoja alipewa maelezo yake ya siku. Hakuna mlipuko hata mmoja na utatoka humo unatazama mlango wako kwa wasiwasi.

Linganisheni na yule ambaye hana fedha ya kukodi hata pikipiki lakini kaandika vita. Risasi za kompyuta, damu ya kompyuta, na kile kinachonitoa roho kuliko vyote: moto wa kompyuta usiomwangazia usoni mtu aliyesimama mbele yake. Nani alikulazimisha kuandika moto? Hapo mtu wa huruma ananiletea "wamejitahidi". Wamejitahidi kufanya nini?

Najua kuna atakayenitajia Who Killed Captain Alex? ya Uganda, ile ya mwongozaji Nabwana kutoka Wakaliga, Kampala. Helikopta yake ni ya kompyuta na haimdanganyi hata mtoto. Ndiyo, na ni filamu tamu. Lakini itazame vizuri: ile haikuombi uamini helikopta. VJ Emmie, msimuliaji anayeongea juu ya picha, yumo ndani anapiga kelele na kutania kuanzia mwanzo, mapigano yana kasi na yamepangwa na watu wanaojua kurusha mateke. Filamu na mtazamaji wameshaelewana mapema kwamba hapa tumekuja kufurahi. Ukitengeneza msiba wa kifamilia wenye machozi halafu ukaweka helikopta kama ile, hayo ni mambo mengine kabisa.

Sasa sauti. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo filamu nyingi ndogo zinapofia na ninyi wahakiki wa nyota hamligusi kabisa.

Mtazamaji anavumilia picha yenye giza. Sauti mbovu havumilii, hata kama hajui ni nini kinachomchosha. Maiki imeachwa juu ya kamera, kamera iko upande wa pili wa chumba, basi mtu anaongea kama yuko ndani ya pipa. Kamera ikimgeukia mwenzake, mvumo wa nyuma unabadilika: huku feni, kule barabara, huku kimya. Kila wanapokata unasikia mshono. Dawa yake ni kunyamaza dakika moja pale mahali, ukarekodi ukimya wa chumba, ukautandika chini ya maongezi yote. Gharama ni kuwaambia watu wafunge midomo. Hawafanyi. Badala yake wanamwaga muziki wa kinanda juu ya kila kitu, kuanzia salamu hadi mazishi, ili kuficha. Nikiona mtu kaipa filamu kama hiyo nyota nne na hajasema neno kuhusu sauti, najua aliitazama kwa macho tu.

Na mkija na El Mariachi, njooni na habari nzima. Ni kweli Robert Rodriguez aliipiga kwa dola 7,000 hivi, ikatoka 1992. Kamera yake ilikuwa na kelele, kwa hiyo alirekodi maongezi pembeni baada ya kupiga kila tukio, palepale na waigizaji walewale, kisha akayaoanisha mwenyewe. Pale midomo ilipokataa kufuata sauti, alikata akaonyesha kitu kingine. Hiyo ni akili, naivulia kofia. Lakini studio iliyoinunua ilitumia fedha nyingi mno kuliko hizo 7,000 kutengeneza sauti na kuihamishia kwenye mkanda wa sinema kabla haijafika kumbini. Hamlisemi hilo. Mnachukua ile namba ndogo mnawachapia vijana: "Mbona mwenzenu aliweza?" Mlichokiona kwenye skrini hakikuwa cha dola 7,000.

Skripti sasa. Karatasi haina bajeti. Kwa nini basi dada anamwambia kaka yake, "Kama unavyojua, baba yetu alifariki miaka mitano iliyopita akatuachia shamba hili"? Anajua! Alikuwepo msibani! Kwa nini mtu akishuka kwenye gari tunamfuata mpaka getini, mpaka mlangoni, mpaka kwenye kochi, ndipo aseme "habari"? Wanajaza dakika ili zifike tisini. Primer ya 2004 ina dakika 77, nayo ni ya dola 7,000 hivi, na ilichukua tuzo kuu ya tamasha la filamu la Sundance. Sijasikia mtu akilalamika kwamba ni fupi. Wanalalamika haieleweki, na hilo ni lalamiko la haki kabisa, hata mimi ninalo. Na hizo droni, jamani. Tangu droni ziwe rahisi, kila filamu inafunguka tukiwa angani kama tunakagua mipaka ya wilaya, kisha stori yenyewe inatokea sebuleni.

Waigizaji nao mnawaonea. Mtu kapewa sentensi isiyotamkika, hajafanya mazoezi, anaambiwa alie, halafu lawama zote zake. Christopher Nolan alipiga Following (1998) wikiendi kwa wikiendi kwa karibu mwaka mzima, kwa sababu watu wake walikuwa na kazi zao. Mkanda ulikuwa ghali, basi walifanya mazoezi mengi kabla, wakirudia tukio mara moja au mbili tu mbele ya kamera. Mazoezi yanataka muda na subira. Siku hizi kamera ya kidijitali inaruhusu kurudia mara ishirini, na bado watu wanakariri mistari wakiwa wameshavaa nguo za tukio.

Ninachotaka kutoka kwenu ni kidogo sana. Ukisema mbaya, taja tukio. Ukisema nzuri, taja tukio. Filamu kubwa mnazichambua mpaka vifungo vya shati, hizi ndogo mnazimaliza kwa emoji.

Halafu kuna kundi la tatu, nilitaka kulisahau. Hawa hujitokeza siku filamu inapotoka, wanatoa kumi kwa kumi, na ukiwauliza walipenda sehemu gani wanakuambia una wivu. Nyie sina ugomvi nanyi. Kila la heri kwenye sehemu ya pili, natumaini safari hii mtapewa hata maneno mawili ya kusema.