Nadarizi koti la ngozi, limeachia kama stempu

BintiNgamiani (Tanga)
Asalaam aleikum. Mimi kazi yangu ni kofia za viua, zile za kudarizi kwa mkono, kanifundisha bibi yangu hapa hapa Ngamiani, mwaka wa 11 huu. Kitambaa nakijua. Sasa mpwa wangu wa bodaboda kaniletea koti la ngozi la mtumba, jeusi, laini, anataka korosho mbili mgongoni kama zile za kwenye kanga. Nikamwambia kazi ya jioni mbili hiyo.

Jioni ya kwanza nimevunja sindano tatu. Ya pili nimejaza tumbo la korosho, mishono imebanana kama ya kofia, nainua koti nilitazame: kipande chote kinaning'inia! Mwenyewe hajui, nimelificha kwenye mfuko wa nailoni chini ya kitanda. Ngozi hudariziwaje? Na tundu hili nalifanyaje?

FundiMakubadhi (Bagamoyo)
Waaleikum salaam. Pole dada, umeponzwa na ufundi wako mwenyewe. Kitambaa kimefumwa, ukichoma nyuzi zinaipisha sindano kisha zinarudi. Ngozi hairudi. Tundu ulilotoboa ndilo hilo mpaka kiama, ukibananisha matundu umeikata kwa sindano.

Acha kujaza. Pita na mstari tu, mshono wa mnyororo, tundu hadi tundu milimita 3 au 4. Toboa matundu yote kwanza kwa maharazi (chuma chenye ncha cha fundi viatu), chini umeweka ubao, ndipo ushone kwa sindano butu na subana kidoleni. Uzi wa poliesta, upitishe kwenye nta ya nyuki. (Katani waachie wenye kamba, hata kama uko Tanga.) Ile duara ya mbao ya kubania kitambaa usiiguse, alama yake haitoki.

Tundu lako: kata kipande cha ngozi cha umbo la korosho, kikubwa kuliko tundu, kigundishe kwa juu, halafu shona ukingo wake. Ataona ni nakshi.

MamaMitumba
Mwanangu, toa koti kwenye nailoni leo hii! Kwa unyevu wa pwani litaota ukungu. Tundika penye upepo, si juani. Na bitana, kile kitambaa cha ndani, umeifumua? Fumua pindo la chini uingize mkono, la sivyo unashona na bitana, na mafundo yatamkwaruza mgongo. Pasi usipige.

BintiNgamiani
Shikamoo mama. Bitana nilishona nayo, ndiyo maana sindano zilivunjika.

Kipande nimepata kwa fundi viatu, cha rangi ya kahawia, na kusema kweli kimependeza kuliko nilivyokusudia mwanzo. Korosho ya pili nayo nitaibandika, zifanane. Kutoboa pekee kumenichukua asubuhi nzima. Mpwa kapita jana kuuliza, nimemwambia nasubiri uzi.