Kama Uholanzi waliabudu bila kubughudhiwa, kwa nini wakapanda Mayflower?

Mvuvi_Pangani:
Wakuu, salaam. Kila ninaposoma habari za wale Waingereza wa meli ya Mayflower naambiwa walihamia Amerika 1620 ili waabudu kwa uhuru. Lakini kumbe walishakaa Uholanzi miaka kumi na zaidi, na huko hakuna aliyewagusa. Sasa walikuwa wanakimbia nini? Au dini ilikuwa kisingizio?

Kiboko_ya_Njia:
Ardhi tu hiyo mkuu. Hakuna cha dini wala nini.

Mwl_Mstaafu:
Kiboko, usimalize kesi kabla ya ushahidi. Uingereza ya wakati ule, usipoonekana kwenye kanisa la serikali Jumapili unapigwa faini. Kuanzisha kanisa lako ni kumpinga mfalme, na 1593 Henry Barrow na John Greenwood, waliolipinga kanisa hilo, walinyongwa London kwa sababu ya maandishi yao. Hawa wa Mayflower chimbuko lao ni Scrooby, kijijini, wakisali kwa siri nyumbani kwa William Brewster, msimamizi wa posta.

Kuondoka nako kulihitaji kibali. Mwaka 1607 walijaribu kutoroka kupitia mji wa Boston (ule wa Uingereza), nahodha akawauza kwa maofisa, wakapekuliwa na kuswekwa ndani. Mwaka uliofuata wakapanga na nahodha Mholanzi awachukue pwani ya mto Humber. Wanawake na watoto walitangulia kwa mashua, maji yakapwa, mashua ikakwama kwenye tope. Wanaume wa kwanza wameshapanda melini, mara kundi la watu wenye silaha linatokea nchi kavu. Mholanzi akang'oa nanga, akatweka tanga, akaenda zake! Waume wanalia sitahani huku wanawaona wake zao wakikamatwa. Wale wanawake walizungushwa kwa hakimu huyu na yule, mwisho wakaachiwa, maana nyumba zilishauzwa na hapakuwa na pa kuwarudisha. Mtu haigizi mambo kama hayo kwa ajili ya shamba.

Mvuvi, swali lako ni zuri. Leiden, mji wa Uholanzi walikokaa, uhuru waliupata, riziki ndiyo ilikuwa ngumu. Watu wa jembe wakageuka vibarua wa nguo. William Bradford, gavana wa baadaye wa koloni lao Amerika, alikuwa mfumaji. Watoto walifanyishwa kazi hadi miili ikapinda, wengine wakakimbilia jeshini au baharini. Tena mkataba wa kusitisha vita kati ya Uholanzi na Hispania ulikuwa unaisha 1621. Na Brewster alikuwa akichapa vitabu vya kumuudhi Mfalme James wa Uingereza, hadi 1619 mkono wa mfalme ukamfuata huko huko.

Bi_Mwanakombo:
Shikamoo Mwalimu. Na walipofika, waliwapa wengine huo uhuru?

Mwl_Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Hapo ndipo sifa zao huzidishwa. Walitaka kanisa lao, si uhuru wa kila dini. Majirani zao wa Massachusetts, Wapuritani (Waprotestanti waliotaka kulisafisha kanisa la Uingereza), walikuwa wakali zaidi: walimfukuza Roger Williams, mhubiri aliyepingana nao, na 1660 wakamnyonga Mary Dyer, mwanamke Mkwekeri (wa dhehebu la Quaker).

Kwenye ardhi, Kiboko ana hoja nusu. Plymouth, makazi yao, ilijengwa juu ya Patuxet, kijiji cha Wawampanoag, wenyeji wa Amerika, kilichofutwa na maradhi miaka michache kabla. Tisquantum, aliyewafundisha kupanda mahindi, alikuwa mwenyeji wa hapo hapo. Alitekwa na Waingereza 1614 akauzwa Hispania, na aliporudi hakumkuta mtu.

Mvuvi_Pangani:
Nimekupata Mwalimu. Nauli alilipa nani?

Mwl_Mstaafu:
Wafanyabiashara wa London. Sharti: miaka 7 faida yote inaingia mfuko mmoja, halafu ndipo wagawane. Na kati ya abiria 102, wale wa kundi la Leiden hawakufika nusu. Wengine walikuja kutafuta maisha tu. Hao ndio wa Kiboko.