Naomba ushauri: dada kapunguzwa tumbo, sasa ugali haupiti

Wakuu, shikamooni. Tuko Uyole, Mbeya. Dada yangu alifanyiwa upasuaji Dar, ule wa kuondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula. Uji, mtindi na supu vilipita vizuri. Sasa karuhusiwa vyakula vigumu, lakini ugali na ndizi vinamkwama, anatapika. Tulipiga simu hospitali, wakasema atafune sana, aanze na protini, asinywe maji wakati wa kula, na vidonge vya vitamini asiache. Nywele nazo zinanyonyoka, na hilo linamuumiza kuliko kidonda. Mama anamlazimisha ale ashibe. Namwelewa, ila naogopa. Mliopitia hili, maharage yalianza kupita lini? Na kliniki mlihudhuria hapa Mbeya au mlirudi Dar kila mara?