Sloppy joe ya nyumbani: rosti inalowesha mkate

Jiko_Tabata: Wakuu, napika sloppy joe (mkate uliojazwa rosti ya nyama ya kusaga), nataka isiwe na mafuta wala sukari nyingi. Nyama ya kusaga nusu kilo, ila rosti inakuwa majimaji. Nakosea wapi?

Mwiko: Pole mkuu, huenda unafunika sufuria, nyama inachemka badala ya kukaangika. Mwambie mwenye bucha akusagie steki isiyo na mafuta, mbele yako. Kaanga kavu, moto mkali. Ikibadilika rangi tia kitunguu, hoho, karoti ya kukwaruza, nyanya 3, kijiko cha nyanya ya kopo. Dakika 15 wazi, mpaka ukipitisha mwiko njia ibaki wazi ndani ya sufuria.

Dada_Upanga: Sukari acha kabisa, karoti inatosha. Mkate wa brauni ubanike kwanza upande wa ndani.